Mteja Kalipa, Pesa Hatujaiona: Nimfukuze Karani Wangu?

Swali

Kaka Mshauri, habari za kazi. Naandika nikiwa sijalala vizuri siku ya tatu leo, unisamehe kama nitarukaruka.

Mimi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunaendesha kampuni ya kuuza vipuri vya mashine za uchapaji. Tuko watu tisa. Kuna mteja tuliyeanza naye miaka sita iliyopita na hajawahi kuchelewesha malipo hata mara moja. Mwezi uliopita tulimpelekea mzigo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kumuuzia, ankara tukamtumia kwa barua pepe kama kawaida. Siku ya kulipa ikapita, nikasema labda ana mambo. Wiki ikaisha. Nikampigia, naye akashangaa: "Dada, mbona nililipa siku 11 zilizopita? Na nyinyi wenyewe mkanijibu ahsante."

Akanitumia kwa simu picha za barua hizo. Kaka, miguu iliniisha nguvu. Ile ya kwanza ilikuwa yetu kabisa. Nembo yetu, jina la karani wetu wa hesabu, hadi ile tabia yake ya kuanza na "Natumaini u mzima". Ilikuja kwenye mfululizo uleule wa mazungumzo yetu, na chini yake ipo ankara halisi tuliyotuma sisi. Ila hii ilisema akaunti yetu ya siku zote iko kwenye ukaguzi, hivyo malipo ya safari hii yaende akaunti nyingine, benki nyingine. Ankara mpya imeambatishwa, imegongwa muhuri wetu.

Nilipomwita karani alianza kulia sijamaliza hata kueleza. Akasema kama wiki tano nyuma alipata barua iliyodai kisanduku cha hesabu kimejaa na kitafungwa jioni ileile, abonyeze kiungo aingie upya. Akaingia. Ukurasa ukazunguka kidogo, ukamrudisha kwenye barua zake, akaendelea na kazi. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuona kilichoharibika.

Shemeji anataka afukuzwe mwezi huu na akatwe sehemu ya hasara kwenye haki zake. Tena ameshaagiza programu mpya ya kuzuia virusi kwa kompyuta zote. Mteja naye anasema amelipa kwa maelekezo yaliyotoka kwetu, hawezi kulipa mara mbili. Pesa yenyewe ni mishahara ya ofisi nzima ya miezi mitatu.

Nywila ya kisanduku cha hesabu tumeshabadilisha. Ile ya zamani ilikuwa jina la kampuni na mwaka tuliofungua, na tulikuwa tunaitumia watu watatu. Tangu jana naandikiana na mteja kwa barua pepe tutafute suluhu, nakala nampa karani kwenye kisanduku hichohicho ili afuatilie.

Nimtetee huyu binti, au shemeji ana haki? Na tufanye nini yasirudi tena?

Mama wa Vipuri

Jibu

Dada yangu, pole. Pole wewe, na pole kwa huyo binti, ambaye nina hakika naye hajalala.

Wasomaji wengine wajue kwanza kwamba jibu hili limetanguliwa na simu. Barua ya dada huyu ilinifikia kutoka anwani ya ofisi ileile iliyoibiwa, na sikuwa tayari kuijibu huko. Hata namba iliyoandikwa chini ya barua sikuitumia. Nilichukua namba kwenye tovuti ya kampuni, nikapiga, nikaomba kuongea na mwenyewe. Ameniruhusu nieleze tulichokikuta, na nakieleza kwa sababu zipo ofisi zenye kitu hichohicho sasa hivi na hazijui.

Unakumbuka, dada. Ulikaa mbele ya kompyuta ya hesabu, karani pembeni yako. Nikakuomba ufungue mipangilio ya barua pepe, uende sehemu ya vichujio, yaani amri zinazopanga barua zenyewe zikiingia. Ukasema, "Hamna kitu, kuna kimoja tu hakina jina." Jina kilikuwa nalo: nukta. Nukta moja, ambayo jicho linaipita bila kuiona. Ukakibonyeza, ukanisomea taratibu: barua yoyote inayotoka kwa mteja yule, au yenye neno ankara, malipo, benki au akaunti, ihesabike imeshasomwa na ihamishiwe folda ya RSS, ile ya kupokelea habari mpya za tovuti. Folda hiyo imekaa kwenye programu ya barua tangu siku mliyoiweka na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuifungua. Ulipoifungua ulinyamaza. Mlikuwamo barua 43. Tatu zilikuwa za mteja wako kabla hajalipa, na ya kwanza ilisema: "Naona mmebadilisha akaunti. Ni sahihi? Nithibitishieni kabla sijatuma."

Alithibitishiwa baada ya dakika 8. Aliyemthibitishia ni mwizi.

Nataka shemeji yako aisome sehemu hiyo mara mbili, kwa sababu kila ninachokushauri hapa kinatoka hapo. Mteja wako hakuwa mzembe. Aliuliza. Ila aliuliza kwenye mlango uleule aliokuwa amesimama mwizi. Barua pepe inayothibitisha barua pepe haijathibitisha chochote, maana aliyekaa ndani ya kisanduku ndiye anayejibu zote mbili.

Na juu ya kichujio kile kulikuwa na kingine: kila barua inayoingia, nakala iende anwani ya nje msiyoijua. Ndiyo maana kubadilisha nywila hakukumtoa mwizi. Hakuwa na haja nayo tena, barua zilikuwa zinamfuata kwake. Yale mazungumzo yako ya jana na mteja kuhusu suluhu, kwa kuwa ulimpa karani nakala, ameyasoma. Kwa hiyo kuanzia sasa jambo hili liongeleeni kwa simu au uso kwa uso, basi.

Sasa, kumtoa. Kwa simu tulianza, lakini visanduku vingine vinane bado, kwa hiyo narudia kwa ukamilifu. Kabla ya kufuta chochote, piga picha: vile vichujio, ile anwani ya nje, na orodha ya walioingia kwenye akaunti yenye tarehe, saa na anwani ya IP, ile namba inayotambulisha mtandao mtu alioingilia. Barua ya uongo usiifowadi, kwa sababu ukiifowadi vichwa vyake vya asili, vinavyoonyesha imepita seva zipi, havifiki; mwombe mteja aipakue kama faili na kuitunza. Polisi na benki wataitaka hivyo. Ukishapata ushahidi, hamia kompyuta nyingine ambayo haikutumika kufungulia ile barua ya kisanduku kilichojaa. Hapo ndipo ubadilishe nywila, kisha utafute amri ya kutoka kwenye vifaa vyote. Watu wengi huiruka hatua hii. Kivinjari kilichokwisha kuingia hutunza kidakuzi, yaani faili dogo la kukikumbuka, na mwenye kidakuzi hicho anaweza kuendelea kusoma barua ingawa nywila imebadilika. Futa vichujio. Angalia namba ya simu na anwani ya kurejesha akaunti kama ni zenu bado. Angalia programu zilizopewa ruhusa ya kusoma barua, na watu waliopewa ruhusa ya kufungua kisanduku kwa niaba. Mwizi mwenye akili huacha mlango wa nyuma huko. Fanyeni hivyo kwa visanduku vyote tisa, chako kikiwemo.

Kuhusu pesa nitasema ukweli. Siku 11 ni nyingi. Akaunti za aina hii huwa za kupitishia, pesa ikiingia asubuhi hutawanywa haraka. Lakini zipo zinazokwama, kwa sababu benki ya kupokea imetilia shaka au mwenye akaunti hajamaliza kuitoa, kwa hiyo jaribuni leo hii. Anayepaswa kupiga simu ya kwanza ni mteja, si wewe. Yeye ndiye aliyetuma, na benki yake ndiyo yenye haki ya kuomba malipo yarudishwe na kuitaka benki ya kupokea izuie kilichobaki. Aombe kitengo cha utapeli, asiishie kwa mhudumu wa kawaida, na achukue namba ya kumbukumbu ya shauri. Wewe toa taarifa polisi upande wako na umpe namba ya jalada. Wasomaji ambao bado hayajawakuta: ukigundua ndani ya saa chache, acha kila kitu upige simu benki kwanza. Maswali ya nani kakosea yatasubiri.

Nije kwa binti. Usimfukuze.

Si kwamba hakukosea. Aliandika nywila ya ofisi kwenye ukurasa ambao hakuukagua. Lakini tazama alikuwa amewekewa nini. Kisanduku cha hesabu, ambacho ndicho pesa yenu yote inapita, kilikuwa na nywila moja ya watu watatu, nywila ambayo mtu wa nje angeweza kuikisia kwa kusoma tovuti yenu tu. Hakikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuthibitisha tena baada ya nywila kwamba ni wewe. Hakuna aliyewahi kumwambia barua ya hadaa inafananaje, wala amwambie nani akiipata. Maamuzi hayo hayakuwa yake, yalikuwa yenu wawili. Nakuambia kwa upendo, maana nimekaa na wamiliki wengi wa kampuni ndogo na wote huanza kwa kumtafuta aliyebonyeza.

Wapo waliotapeliwa kwa njia hii wakiwa na wataalamu wa kila aina. Kati ya 2013 na 2015, raia wa Lithuania anayeitwa Evaldas Rimasauskas alisajili kampuni yenye jina moja na la mgavi halali wa vifaa vya kompyuta wa barani Asia, akawa anatuma ankara na barua pepe za kughushi. Google na Facebook zililipa. Jumla ilizidi dola milioni 120, na mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Kama wahasibu wa kampuni hizo walilipa, karani wako si mtu wa ajabu.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Ulipomwita, alisema ukweli wote papo hapo. Kutokana na maneno yake mkajua tarehe, njia na kisanduku. Akifukuzwa, wale wengine waliobaki watajifunza somo moja: ukibonyeza kitu cha ajabu, nyamaza. Safari ijayo mwizi atakaa wiki tano nyingine, na wa kukwambia hatakuwepo. Waambieni wote, naye akiwepo, kwamba anayetoa taarifa ndani ya dakika chache haadhibiwi. Kuhusu kumkata haki zake, hilo ni suala la sheria za kazi, na shemeji asiliguse bila mwanasheria. Anaweza kuongeza hasara ya pili juu ya hii.

Mteja sasa. Unataka kujua nani abebe hasara, na hapo hakuna jibu moja la dunia nzima. Mkataba wenu na sheria zinazowahusu ndivyo vitasema. Ila ipo kesi inayofanana na yenu sana. Wauzaji wawili wa magari nchini Marekani waliuziana magari 20, kisanduku cha barua pepe cha muuzaji kikadukuliwa, mnunuzi akatuma zaidi ya dola 700,000 kwenye akaunti ya mwizi. Mahakama ya chini ikamwamuru mnunuzi alipe tena. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo, ikataka kwanza kesi isikilizwe ili ijulikane nani kati yao alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuuzuia utapeli. Jiulize swali hilo kwa uaminifu. Kisanduku kilichovunjwa ni chenu. Yeye hakupiga simu, lakini aliuliza. Ningekuwa wewe ningemwendea nikiwa na pendekezo la kugawana, sehemu kubwa ibaki kwenu, ilipwe polepole kwa kupunguziwa bei ya mizigo ijayo. Mteja wa miaka sita asiyechelewesha malipo ana thamani kuliko mzigo huu mmoja. Mwanasheria aandike, mtie saini.

Usisahau wateja wengine. Mwizi amesoma ankara za kila mtu kwa wiki tano, anajua nani anadaiwa nini na lini. Wapigieni simu mmoja mmoja wiki hii. Ni aibu, najua. Lakini ni heri wasikie kwenu kuliko kupokea ankara ya mwizi wiki ijayo.

Shemeji ameagiza programu ya kuzuia virusi. Aiweke, haina ubaya. Lakini katika kila kitu ulichonionyesha sijaona virusi popote. Hakuna faili lililofunguliwa, hakuna kompyuta iliyoharibiwa; mtu aliandika nywila, mwingine akaitumia. Yamkini programu ile ingekaa kimya mwanzo hadi mwisho. Kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliandika kwamba kwa mwaka 2023 hasara iliyoripotiwa kutokana na utapeli wa barua pepe za biashara ilikuwa dola bilioni 2.9. Virusi vya kuteka mafaili na kudai fidia, vinavyotisha watu zaidi, viliripotiwa kuleta hasara ya dola milioni 59.6, ingawa waathirika wengi wa virusi hivyo hawatoi taarifa. Pesa nyingi zinaondoka kwa maneno matupu yaliyoandikwa vizuri.

Kwa hiyo kinga ya kwanza haihitaji kununua kitu. Ni amri moja ya ofisi, iandikwe na ibandikwe ukutani mwa chumba cha hesabu: akaunti ya benki ya mtu yeyote haibadilishwi kwenye kumbukumbu zetu mpaka tumempigia sisi, kwa namba tuliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo kuja. Tumempigia sisi. Si yeye atupigie, wala si kwa namba iliyo kwenye barua yenyewe. Siku hizi hata sauti na sura vinaigizwa. Mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong aliingia kwenye kikao cha video, akaona sura za wakubwa wake na kusikia sauti zao, akatuma kiasi cha dola za Marekani milioni 25. Sura zote zilikuwa zimetengenezwa na kompyuta. Kama angekata na kupiga mwenyewe kwa namba ya siku zote, angepokewa na mkubwa asiyejua lolote.

Amri hiyo iwahusu na nyinyi wamiliki. Karani akipata barua yako inayosema "lipa haraka, niko kwenye kikao", awe na ruhusa, tena wajibu, wa kukupigia. Ukimkaripia mara moja kwa kukusumbua, amri imekufa siku hiyo. Anayeingiza malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Katika watu tisa hilo linawezekana. Na kile kimtindo cha kutuma kiasi kidogo cha majaribio kwanza hakisaidii kama jibu la "tumepokea" linarudi kwa barua pepe. Mwizi atajibu kwa furaha.

Waambieni wateja kwamba nyinyi hamtabadilisha akaunti kwa barua pepe kamwe. Wengi huandika sentensi hiyo chini ya ankara, na ni vizuri, lakini mwizi aliyeweza kuhariri namba ya akaunti yenu ataifuta na sentensi. Iweke kwenye mkataba, na iseme kwa mdomo.

Kinga ya pili ni ya kuingilia. Kila mtu awe na kisanduku chake na nywila yake. Ile anwani ya hesabu inaweza kubaki, ila watu wafikie barua zake kutoka akaunti zao binafsi, ili kila aliyeingia ajulikane. Nywila iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, itunzwe kwenye programu ya kutunza nywila, na isitumike mahali pengine popote. Ile desturi ya kulazimisha watu wabadilishe nywila kila mwezi iacheni. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri iachwe tangu 2017, kwa sababu watu huishia kuongeza namba mwishoni tu.

Juu ya nywila wekeni uthibitishaji wa hatua mbili kwa wote, nanyi wamiliki mkiwa wa kwanza. Namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu ni bora kuliko kukosa, na programu ya kutoa namba kwenye simu ni bora zaidi. Lakini zote mbili zina udhaifu: ukurasa wa uongo ukikuomba nywila, utakuomba na hiyo namba, na mwizi ataiandika upande wa pili kabla haijaisha muda. Kwa kisanduku cha hesabu na akaunti ya msimamizi wa mfumo, nunueni ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kama flashi. Chenyewe hukagua jina la tovuti, na jina lisipolingana hakitoi kitu, hata kama binadamu ameshadanganyika. Google iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 vifaa hivyo, na mwaka 2018 ikasema tangu ianze kuvilazimisha mwanzoni mwa 2017 hakuna akaunti ya kazi iliyothibitika kutekwa. Nunua viwili kwa kila mtu, kimoja kifungiwe kabatini, maana kikipotea kimoja utafungiwa nje wewe. Mwambie fundi wenu pia azime njia za zamani za kuingia kwa nywila peke yake kupitia IMAP na POP, njia ambazo programu za barua huzitumia kuchukua barua kwenye seva. Kampuni kubwa zimeshaanza kuzifunga, Microsoft kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua pepe za ofisi, tangu Oktoba 2022. Zikiachwa wazi, hatua ya pili mnayoiweka mbele inazungukwa nyuma.

Limebaki jina lenu lenyewe, lile linalokuja baada ya alama ya @. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa mwaka 1982, wakati waliokuwa kwenye mtandao walikuwa wachache na wanaaminiana. Ndiyo maana barua pepe, kwa asili yake, ni kama bahasha: mtu anaweza kuandika nyuma jina la mtumaji yeyote na ikafika. Viraka vilikuja baadaye. SPF ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu, DKIM ni saini inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri na kutiwa kwenye kila barua, na DMARC inaiambia seva ya mpokeaji ifanye nini na barua isiyolingana na hayo mawili. Vyote huandikwa kwenye DNS, yaani daftari la mtandao la majina, chini ya kikoa chenu, ndilo hilo jina la baada ya @, na fundi anayejua kazi hamalizi siku. Mwambie aanze DMARC na p=none, yaani tazama tu usizuie, asome ripoti kwa wiki chache ahakikishe barua zenu halali zote zinapita, kisha apandishe hadi p=reject, yaani kataa. Wengi huishia p=none miaka na miaka wakidhani wamejikinga, kumbe hapo barua za kughushi zinatazamwa tu zikipita. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinavidai vyote vitatu kwa wanaotuma barua nyingi kwa siku, kwa hiyo kazi hii itawasaidia pia barua zenu zisiangukie kwenye taka.

Lakini usiuziwe DMARC kama dawa ya lililokupata. Barua ya kwanza ilitoka kwenye kisanduku chenu halisi, ingepita kila kipimo. Na ile ya "ahsante", uliponisomea anwani yake herufi moja moja, tulikuta ile m ya jina lenu si m. Ni r na n zimekaa pamoja, zinafanana kabisa kwenye skrini ya simu. Kikoa hicho amekisajili mwizi, kina SPF yake na DMARC yake, kila kitu sawasawa. Hapo ni jicho na simu tu. Mwambie fundi atoe taarifa kwa kampuni iliyomsajilia, ili kifungwe.

Kwa binti, kesho asubuhi mpe kazi: awe yeye anayefungua vichujio vya visanduku vyote kila Jumatatu na kukuletea orodha. Hakuna mtu hapo ofisini atakayevitazama kwa makini kuliko yeye.

Na mteja wako mpigie leo, kwa namba uliyonayo tangu mwaka wa kwanza. Usikate simu mpaka naye amefungua folda yake ya RSS na kukusomea kilichomo.